Bibi wa Wahudumu wa Ndege

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aliyezaliwa na moto wa kazi moyoni mwake, hata akinyimwa nyundo, haondoki kiwandani. Hushika mivukuto, akapuliza, na chuma kikaiva kwa jasho lake ingawa sifa humwendea mwingine. Ni nadra kupata maisha yaliyoitimiza methali hiyo kama maisha ya Bi. Ellen Church wa Marekani, ambaye tarehe 15 Mei, 1930, alikuwa mwanamke wa kwanza kuhudumia abiria katika ndege akiwa ameajiriwa kwa kazi hiyo. Alitaka kuwa rubani, akakataliwa kwa sababu ya uanamke wake. Hapo hapo, mbele ya yule aliyemkataa, akabuni kazi nyingine ambayo haikuwapo.

Askari anayepelekwa masomoni ng'ambo, au jamaa anayekwenda kumzuru ndugu katika nchi ya mbali, hupokewa mlangoni mwa ndege na mhudumu aliyevaa sare nadhifu, akaonyeshwa kiti na kufundishwa namna ya kufunga mkanda. Mtoto akilia huja huyo huyo mhudumu, na tumbo likichafuka huja yeye tena. Wengi hudhani kwamba desturi hiyo ilizaliwa pamoja na ndege zenyewe. Sivyo. Mtumishi wa kwanza wa abiria wa angani alikuwa mwanamume, Mjerumani Heinrich Kubis, aliyeanza kazi mwaka 1912 katika vile vyombo vikubwa vya hewa vilivyoitwa Zeppelin. Mwanamke aliingia miaka 18 baadaye, na aliingia kwa kubisha hodi mwenyewe.

BINTI WA SHAMBANI

Ellen Church alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1904, karibu na mji mdogo wa Cresco katika jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na mifugo. Baba yake alikuwa mkulima. Katika maonyesho ya wakulima ya wilaya yao binti huyo aliona ndege kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo macho yake hayakutulia juu ya ardhi. Lakini msichana wa siku zile aliyetaka kujitegemea alikuwa na njia chache zilizokubaliwa na watu: ualimu, ukarani na uuguzi. Ellen akachagua uuguzi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1926, kisha akaenda San Francisco kufanya kazi hospitalini. Huko, saa ambazo wenzake walipumzika, yeye alijifunza kuendesha ndege.

Mapema mwaka 1930 aliingia katika ofisi ya shirika la Boeing Air Transport mjini San Francisco, akakutana na meneja wake, Steve Stimpson. Haja yake aliieleza wazi: alitaka kazi ya urubani. Shirika halikuajiri wanawake marubani, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Mwingine angeshukuru na kutoka. Yeye akauliza swali. Je, si kweli kwamba abiria wengi huogopa kupanda ndege? Je, haitafaa awepo ndani muuguzi wa kuwatunza? Tena akaongeza hoja iliyochoma: mwanamume atakayemwona msichana akifanya kazi angani kila siku ataona haya kusema kwamba yeye anaogopa.

Hoja hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Ndege za siku zile zilipaa chini chini, katikati ya pepo na mawingu, kwani hazikuweza kupanda juu ya dhoruba. Injini zilinguruma hata watu wasiweze kuzungumza, baridi iliingia, harufu ya mafuta ilijaa, na abiria walitapika mmoja baada ya mwingine. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, muuguzi hakuwa pambo. Stimpson mwenyewe alikuwa akifikiria kuajiri watumishi wanaume. Baada ya kumsikiliza Bi. Church akawaandikia wakubwa wake kuwaomba kibali, na baada ya kusitasita wakakubali majaribio ya miezi mitatu.

WASICHANA WANANE

Waliajiriwa wauguzi wanane, na Bi. Church akawa mkuu wao. Masharti yalikuwa magumu. Msichana awe muuguzi mwenye cheti, asiwe ameolewa, umri wake usizidi miaka 25, urefu usizidi futi 5 na inchi 4, na uzito usizidi ratili 115, kwa kuwa ndani ya ndege palikuwa pembamba na kila ratili ilihesabiwa. Mshahara ulikuwa dola 125 kwa mwezi. Walishonewa suti ya sufu ya rangi ya kijani iliyokoza, pamoja na vazi la mabegani na kofia yake. Walipokuwa wakihudumu ndani ya ndege walivaa vazi la kijivu kama la hospitalini.

Asubuhi ya tarehe 15 Mei, 1930, Bi. Church alipanda ndege aina ya Boeing 80A katika kiwanja cha Oakland, karibu na San Francisco. Ndani walikuwamo abiria 14, na safari ilikuwa ya kwenda Chicago. Safari hiyo, ambayo ndege za siku hizi huimaliza kwa saa nne hivi, ilichukua saa 20, na ndege ilitua mara 13 njiani.

Anayeiwazia kazi hiyo kuwa ya kutabasamu na kugawa chai na asome orodha ya wajibu wao. Walipokea mizigo na kukagua tiketi. Walifagia na kupangusa vumbi. Waliangalia kama viti vimekazwa barabara sakafuni, na vilivyolegea walivikaza. Walisaidia kutia petroli, na ilipolazimu walisukuma ndege pamoja na wanaume kuiingiza bandani. Waligawa kuku wa kukaanga, matunda na kahawa, kisha wakawashika vichwa wale ambao chakula hicho hakikukaa tumboni. Walimchunga abiria anayekwenda msalani asije akafungua kwa makosa mlango wa kutokea nje. Walichukua pia ratiba za treni, maana hali ya hewa ilipochafuka ndege ilitua mahali popote, na abiria ilibidi waendelee na safari kwa reli.

Marubani wengine hawakufurahi. Walisema kwamba kazi yao si kulea wasichana. Na wake za marubani waliandika barua kwa shirika, wakitaka wasichana hao waondolewe, kwa hofu kwamba waume zao wangenyang'anywa huko mawinguni. Jambo hili halitawashangaza wanaoishi katika nyumba za askari. Mume anapokaa siku nyingi mbali na nyumbani, kazini pamoja na wanawake wengine, mke hubaki na mawazo, na si haki kumcheka. Lakini mke hapati amani kwa kufukuzwa mwanamke mwingine kazini. Amani yake imo katika uaminifu wa mume wake, na huo haulindwi kwa barua ya kwenda kwa mwajiri. Shirika halikuwaondoa wasichana. Miezi mitatu ya majaribio ilipokwisha, abiria walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao. Wauguzi wakabaki, na katika miaka michache mashirika mengine yakafuata mfano huo.

Bi. Church mwenyewe hakukaa angani muda mrefu. Baada ya miezi 18 hivi aliumia katika ajali ya gari, na majeraha hayo yakamlazimisha kuacha kazi ya ndege. Mwenye moyo dhaifu angehesabu kwamba amenyimwa mara mbili, mara ya kwanza na watu, mara ya pili na bahati. Yeye alirudi Chuo Kikuu cha Minnesota, akapata shahada katika elimu ya uuguzi, kisha akafanya kazi ya kusimamia uuguzi wa watoto katika hospitali ya Milwaukee. Alipuliza moto katika kiwanda kingine, akingoja.

MACHELA ANGANI

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, ndege na uuguzi, kazi mbili alizozipenda tangu ujana, zikakutana tena. Mwezi Desemba 1942, akiwa na umri wa miaka 38, Bi. Church alijiunga na kikosi cha wauguzi cha Jeshi la Marekani, katika kazi mpya ya kuwaondoa majeruhi vitani kwa ndege.

Msomaji aliye askari ataelewa upesi uzito wa kazi hiyo. Zamani mtu aliyepigwa risasi mbali na hospitali alichukuliwa kwa machela, kisha kwa gari katika barabara mbovu, kisha kwa treni au meli, na wengi walikata roho njiani. Ndege iliyafanya mateso ya siku nyingi kuwa safari ya saa chache. Ndege iliyotumika sana ilikuwa ile ya mizigo iitwayo C-47. Ilipokwenda mbele ilibeba risasi, petroli na askari. Iliporudi, machela zilifungwa kwa mikanda pande zote mbili za ndege, moja juu ya nyingine, zikafika 18 na hata zaidi. Kwa kuwa ilibeba silaha wakati wa kwenda, haikuruhusiwa kuchorwa alama ya msalaba mwekundu. Kwa hiyo adui alikuwa na haki ya kuipiga kama ndege yoyote ya vita, na muuguzi alijua hivyo kila alipopanda.

Kwa kawaida daktari hakuwamo. Alikuwamo muuguzi mmoja na askari mmoja msaidizi wa tiba, na roho zote za machela zilikuwa mikononi mwao wawili. Ilimpasa muuguzi ajue kwamba hewa huwa nyepesi kadiri ndege inavyopanda, na kwamba mwenye jeraha la kifua huweza kukosa pumzi hata akiwa alipumua vizuri chini. Ilimpasa ajue kwamba hewa iliyonaswa ndani ya mwili hutanuka huko juu, ikamletea mgonjwa maumivu na hatari. Ilimpasa kuzuia damu, kutoa dawa, kumpa oksijeni anayeihitaji na kumtuliza anayeweweseka, huku ndege ikitupwa huku na huku na taa zikiwa hafifu. Kwa ufupi, ilikuwa ile kazi ya mwaka 1930, ila sasa waliolala mbele yake hawakuwa wafanyabiashara wenye kichefuchefu.

Bi. Church alitumika katika Afrika ya Kaskazini, katika kisiwa cha Sicily, Uingereza na Ufaransa. Alipanda hadi cheo cha kapteni, akatunukiwa nishani ya jeshi iitwayo Air Medal. Kazi ya wauguzi hao kwa jumla imeandikwa katika kumbukumbu za jeshi lao: katika vita hivyo majeruhi na wagonjwa zaidi ya 1,170,000 walichukuliwa kwa ndege, na waliofia njiani walikuwa 46 tu. Wauguzi wa angani walikuwa kama 500, na 17 kati yao walipoteza maisha yao. Nyuma ya hesabu hiyo zimo nyumba nyingi ambazo baba alirudi, na watoto wakazaliwa ambao wasingezaliwa.

MLANGO MWEMBAMBA

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumsifu Bi. Church bila kutazama upande wa pili wa mlango alioufungua. Mlango ule ulikuwa mwembamba sana. Waliopita walikuwa wasichana weupe, wembamba, wasioolewa. Vita vilipowavuta wauguzi kwenda jeshini, mashirika ya ndege yaliacha sharti la uuguzi, lakini masharti ya sura, uzito na useja yakabaki. Baadaye mengi yaliongeza sharti la umri, kwamba mwanamke afikapo miaka 32 au 35 aondoke. Ujuzi ukapungua thamani na uzuri ukapandishwa bei. Kazi iliyoanza kwa muuguzi aliyeweza kukaza kiti kwa mkono wake ikatangazwa kana kwamba ni maonyesho ya wasichana.

Aliyelipiga teke ukuta wa rangi alikuwa muuguzi pia, Bi. Ruth Carol Taylor, Mmarekani mweusi. Shirika moja kubwa lilimkataa, naye akapeleka malalamiko mbele ya serikali ya jimbo la New York. Kisha shirika dogo la Mohawk likatangaza kwamba liko tayari kuajiri wasichana weusi, na miongoni mwa mamia ya walioomba akachaguliwa yeye. Tarehe 11 Februari, 1958, alihudumu katika ndege kutoka Ithaca kwenda New York, mhudumu wa kwanza mweusi katika ndege za abiria za Marekani. Hakudumu hata mwaka. Baada ya miezi kama sita alitaka kuolewa, na sharti la useja likamwondoa. Ukuta wa rangi aliuvunja, lakini mlango wa ndoa ukafungwa nyuma yake.

Katika nyumba nyingi jambo hilo lilipita bila kuulizwa. Rubani aliyeoa alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyetulia, na ndoa yake ilikuwa sifa kazini. Mhudumu aliyeolewa alihesabiwa kuwa amekwisha. Kwa hiyo wako waliovificha vyeti vya ndoa na kuvua pete kabla ya kwenda kazini. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi wa wanawake katika ajira, wahudumu walikwenda kudai haki yao, wakapeleka kesi baada ya kesi, na katika miaka iliyofuata masharti ya ndoa na umri yakaanguka. Matokeo yake yalionekana kwa Bi. Bette Nash, aliyeanza kazi mwaka 1957. Alikuwa na mwana mwenye ulemavu, na kwa miaka mingi alichagua safari fupi za kati ya Washington na Boston ili kila usiku alale nyumbani na kumtunza. Alipofariki Mei 2024, akiwa na miaka 88, alikuwa hajastaafu rasmi. Laiti masharti ya zamani yangedumu, mama huyo angeambiwa achague kati ya mwanawe na mkate wake.

WAJUKUU WASIOHESABIKA

Baada ya vita Bi. Church aliishi Terre Haute katika jimbo la Indiana, akawa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya Union. Maisha yake yote alikuwa mtu wa wodi, wa kuamka usiku na kufundisha vijana. Mwaka 1964, alipokuwa akikaribia miaka 60, aliolewa na Bw. Leonard Marshall, mkuu wa benki katika mji huo. Furaha hiyo haikutimiza hata mwaka. Mwezi Agosti 1965 alianguka kutoka juu ya farasi, akafariki. Yule aliyevuka milima ya Marekani katika ndege za mashaka, na bahari na vita baada ya hapo, alikufa kwa kuanguka kimo cha farasi. Mji wa Cresco, alikoziona ndege kwa mara ya kwanza, ukakiita kiwanja chake cha ndege kwa jina lake.

Hakuacha mtoto wa tumbo lake. Lakini kwa desturi za Kiafrika bibi si yule tu aliyemzaa mama. Bibi ni yule aliyepita njia kabla, akaifyeka, akawaachia walio nyuma yake wapite bila kuchomwa na miiba ile ile. Kwa maana hiyo wajukuu wa Ellen Church hawahesabiki, na wengine wao wamo humu humu Afrika ya Mashariki. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kufikia mwisho wake mwaka 1977, lilikuwa na wahudumu wake, mabinti wa nchi hizi waliotoka Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam kwenda Ulaya na Asia wakati ambapo wazazi wengi walikuwa hawajapata hata kupanda treni. Aliyekuwa msichana katika ndege hizo sasa amefika umri wa bibi, au amekwisha kutangulia.

Katika nyumba yenye bibi wa namna hiyo, mara nyingi sare yake imelala chini ya sanduku na wajukuu hawajui. Humwona akichagua mchele na kukemea kuku, wakadhani kwamba ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo. Siku ya mazishi, mgeni mmoja asiyejulikana husimama kueleza mambo aliyoyatenda marehemu, na jamaa hutazamana kwa mshangao, kama kwamba aliyezikwa ni mtu mwingine. Hiyo ni hasara isiyo na tiba. Dawa yake ni ya kabla, nayo haigharimu kitu. Jioni moja, baada ya chakula, baba na mama na wamkalishe mjukuu karibu na bibi, na bibi aulizwe: ulifanya kazi gani ulipokuwa msichana, ulitumia mshahara wa kwanza kwa nini, ulikatazwa nini, na ulipokatazwa ulifanyaje?

Jibu la swali la mwisho ndilo lenye urithi. Mabibi wengi waliotaka nyundo walipewa mivukuto, na moto walioupuliza ndio unaowapa joto wajukuu wao hadi leo.